Umemuuliza Nani?

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimekwenda zake bila kuniaga. Hunirudia kila mnaponipigia simu, ninyi mlioachiwa kiti changu kazini, mkaniambia, "Mama, seva inasema faili hakuna." Jana ulipiga nikiwa nimekaa hapa nyumbani Pasua namenya ndizi, mguu mmoja juu ya kigoda, maana goti hili la kulia limegoma kukunjwa. Nikakuuliza, umemuuliza nani? Ukanuna. Ukasema, "Si nimekwambia nimeiuliza kompyuta, Mama?" Sikukujibu. Nilikuwa nimechoka, na jibu lake ni refu kuliko salio langu la simu.

Leo nimepumzika kidogo. Vuta kiti nikueleze, na usiponielewa hapa mwanzoni vumilia, mwenda pole hajikwai.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, na magoti mazima. Nilifanya kazi katika idara ya kompyuta ya hospitali moja huku mlimani, juu ya barabara ya Himo, mahali ambapo asubuhi unafungua dirisha ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Idara yenyewe ilikuwa watu wawili. Mimi, na mkubwa wangu Mzee Ndesario, mhandisi aliyesomea mambo haya mpaka nchi za nje, akarudi na mvi na suruali zilezile alizoondoka nazo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipokukosoa alikuuliza swali moja tu, kisha akakuacha uhangaike nalo.

Tulikuwa na seva moja. Picha zote za eksirei za wagonjwa zilikaa humo. Kompyuta za wodini na ile ya chumba cha upasuaji hazikuweka picha yoyote, zilichofanya ni kuiuliza seva kupitia kebo, "Je, kuna faili lenye jina hili?" Seva ikijibu lipo, picha inafunguka. Ikijibu hakuna, basi daktari anaona neno hilo "hakuna" na kuanza kutafuta mtu wa kumfokea. Na unajua mwenyewe kwamba huduma ile inayojibu maswali ya mafaili haikai juu juu kama programu nyingine. Inaishi ndani ya kerneli, moyoni kabisa mwa mfumo, na kama wazee wetu wengi wa moyoni, haisemi mpaka uichokoze.

Sasa kebo zetu zilikuwa za zamani na mtandao ulikuwa mwembamba. Kila kompyuta ikiuliza kila kitu kila mara, mambo yanakwama. Kwa hiyo kompyuta zote tuliziagiza zikumbuke majibu. Ukishaambiwa jibu, likumbuke kwa muda wa kutosha, usimsumbue mwenye nyumba. Mtandao ukapumua, madaktari wakatusifu, nami nikajiona fundi kwelikweli. Kumbuka jambo hilo.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima nikwambie habari za baba yangu.

Baba yangu, Mzee Elifuraha, alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kushika saa. Mimi nikapendana na Kalisti, Mkatoliki wa upande wa Rombo, kijana mzuri asiye na kosa ila lile la kubatizwa kwingine. Siku hizi mnacheka mambo hayo. Sisi hatukucheka. Baba alisimama katikati ya kihamba chake, kati ya migomba na mibuni aliyoachiwa na babu, akaniambia, "Ukiolewa kule, usinirudie humu." Nikaolewa kule. Nililia njia nzima, lakini nikaolewa.

Nilipopata mtoto wa kwanza nikashindwa kuvumilia. Nikafanya kama tufanyavyo Wachagga. Nikachuma masale, majani yale tunayoyapanda mipakani na makaburini, nikayafunga fundo, nikampa baba mdogo ampelekee baba kuniombea msamaha. Wewe ni wa mlima huu, huhitaji kufundishwa. Ukipelekewa masale, unasamehe. Hata kama ndugu yako ameuawa, ukipelekewa masale unakaa chini na kusikiliza. Baba mdogo akarudi siku ya tatu, hakuketi, akasema, "Mwanangu, amekataa."

Amekataa masale! Nilihisi kama nimefukiwa nikiwa hai. Sikuuliza tena. Sikutuma mtu mwingine, sikupita njia ile, hata misiba ya kwetu, wa mama ukiwamo, niliisikia redioni kama mtu wa mbali. Kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu kwamba kwetu hakuna mlango. Nikazaa mtoto wa pili, nikazaa wa tatu, na baba yangu akawa anaishi mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kazini kwangu.

Basi, siku hiyo. Asubuhi, nesi Foibe wa chumba cha upasuaji akanipigia simu ya ndani. Akasema kuna mzee ameletwa, ameteleza akikata mgomba wa kuwalisha ng'ombe, nyonga imevunjika. Ameshapelekwa eksirei, picha inasubiriwa, lakini kompyuta yao haioneshi kitu. Nikamuuliza jina la mgonjwa. Akanitajia jina la baba, na la kijiji chetu.

Sikumwambia kwamba huyo ni baba yangu. Niliweka simu begani, nikaitafuta picha ile kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Hakuna. Nikamjibu, "Bado hawajaihifadhi, subirini kidogo." Na kweli, mwanangu, saa ile ilikuwa bado. Jibu lile lilikuwa la haki. Nikakata simu nikakaa nikiukodolea macho ukuta. Wodi ilikuwa nyuma ya jengo letu, ng'ambo ya bustani. Ningeweza kwenda. Sikwenda. Nilijiambia, mtu aliyeyakataa masale yangu akiwa mzima, atanipokeaje akiwa anaumwa?

Foibe akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Dada Aikande, mtaalamu wa eksirei anaapa kwamba picha amekwisha kuihifadhi. Sisi huku hatuioni."

Nikatafuta tena. Hakuna.

"Hata mimi siioni," nikasema. "Hakuna."

"Basi daktari anasema apigwe nyingine. Dada, yule mzee alivyonyanyuliwa mara ya kwanza alipiga kelele mpaka wodi nzima ikanyamaza. Wakimnyanyua tena sijui kama atastahimili. Na daktari wa mifupa amepanda leo tu, mchana anashuka mjini. Asipopasuliwa leo, atalala hivyohivyo mpaka wiki ijayo."

Nilimwambia anipe muda kidogo, awazuie wabeba machela kwa namna yoyote, hata kwa kuwapa chai. Kisha nikafanya yale ambayo wewe pia ungeyafanya, usinidanganye. Kwanza nikaangalia ruhusa za mafaili, zilikuwa sawa. Nikaangalia kama seva inapumua, ilikuwa inapumua. Nikaiwasha ile sauti ya ndani ya kerneli, ili huduma ya mafaili iandike kila swali inaloulizwa na kila jibu inalotoa. Mistari ikaanza kumiminika. Wodi ya watoto wanauliza hiki, maabara wanauliza kile, wote wanajibiwa. Nikaitafuta tena picha ya baba kwenye kompyuta yangu huku nikitazama mistari ile. Kompyuta yangu ikasema hakuna. Lakini kwenye seva, kuhusu baba yangu, hapakuandikwa hata neno moja.

Nikajaribu mara nyingine. Kimya. Wengine wote inawasikia, mimi hainisikii. Nikasema, seva hii imekuwa kiziwi. Nikaizima huduma nzima nikaiwasha upya.

Ah, mwanangu. Kila kompyuta ya hospitali ikaganda. Simu zikalia kama kengele za ng'ombe waliotoroka. Famasi wanapiga kelele, mapokezi wanapiga kelele, na seva iliporudi hewani, mafaili yote yakafunguka tena, ila picha ya baba. Hakuna, vilevile. Nikainamisha kichwa juu ya meza nikalia. Sikulia kwa sababu ya seva, Mungu anajua.

Hapo ndipo Mzee Ndesario alipoingia, buti zina matope, alikuwa nje akihangaika na kebo iliyotafunwa na panya. Hakuniuliza kwa nini hospitali nzima inamtafuta. Alivuta kiti, akaitazama mistari ile ya seva, akanitazama mimi.

"Tatizo nini?"

"Picha ya mgonjwa haionekani. Mtaalamu anasema ameihifadhi, lakini hakuna. Nimeuliza na kuuliza."

"Umemuuliza nani?"

"Seva, Mzee."

"Seva imeandika kwamba umeiuliza?"

Nikaigeukia mistari ile.

"Uliza tena," akasema. Nikauliza. Kompyuta yangu ikajibu hakuna, papo hapo, hata kabla kidole hakijanyanyuka. Yeye akaigusa skrini ya seva kwa kidole chenye matope. "Ona. Huku hakuna aliyebisha hodi. Unaiita kiziwi, na haijaitwa. Kimya si kukataa, Aikande. Aliyekujibu hakuna ni kompyuta yako mwenyewe. Ulimwuliza mtu aliyekaa mlangoni kwako, naye anakurudishia jibu la asubuhi."

Akanielekeza tuifungue seva yenyewe, tuitazame diski yake ana kwa ana, bila kupitia kwa mtu. Nikaandika jina la baba. Ilikuwepo. Picha ya nyonga ya baba yangu ilikuwa pale muda wote, imehifadhiwa vizuri na yule mtaalamu wa watu aliyekuwa akiapa bure huko eksirei. Lisemwalo lipo.

Nikuelezee maana ninajua unataka kuelewa. Kompyuta ya upasuaji, mgonjwa akishaandikishwa tu, inaanza kuitafuta picha yake hata kabla hajalazwa chini ya mtambo. Iliuliza mapema, ikajibiwa hakuna, ikaliweka jibu mfukoni kama tulivyoiagiza. Yangu nayo ikafanya hivyohivyo Foibe aliponipigia mara ya kwanza. Ni sawa na mtu aliyetumwa alfajiri kuuliza kama maziwa yamefika, akaambiwa bado. Akarudi akakaa barazani, na kila mpita njia akimwuliza anasema maziwa hayajafika, mpaka adhuhuri, na huku madumu yamejaa yako nyuma ya ukuta. Hadanganyi. Anachosema kilikuwa kweli alfajiri.

Kuirekebisha hakukuchukua muda. Tuliitenga kompyuta ya upasuaji na seva, tukaiunganisha upya, na safari hii tukaipa agizo jingine: likiwepo faili, unaweza kukumbuka kwamba lipo, lisipokuwepo, usikumbuke chochote, nenda kaulize upya kila unapoulizwa. Tukazifanyia nyingine zote vivyo hivyo baadaye, na mtandao ulemee utakavyo. Foibe akapiga simu akipiga vigelegele. Picha hiyo hapo, daktari ameiona, machela imerudishwa ukutani, mzee hanyanyuliwi mpaka anapoingia kupasuliwa.

Nikamshukuru Mzee Ndesario. Nilidhani ataondoka kwenda kwenye kebo zake. Hakuondoka. Alikuwa amelisoma jina kwenye skrini.

"Huyu ni baba yako," akasema. Walisali kanisa moja, walikaa benchi moja.

"Ndiyo."

"Mbona uko hapa?"

"Mzee, mimi na baba tulimalizana. Nilimpelekea masale, akayakataa."

Nilimwona akikunja uso kama mtu aliyeonjeshwa dawa. "Aliyakataa masale? Elifuraha?" Akasimama. "Binti, mimi naonana na baba yako kila Jumapili. Mtu akiyakataa masale kwenye mlima huu, habari hiyo inafika Holili mpakani kabla ya jua kuzama. Wangemfuata wazee. Angeondolewa kwenye uzee wa kanisa. Sijasikia na hakuna aliyesikia. Nilichosikia mimi, kwa kinywa chake, ni kwamba binti yake hajawahi kutuma hata jani." Akaniangalia kwa huzuni, si kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Umemuuliza nani?"

"Baba mdogo ndiye..."

Sikumaliza. Nililisikia swali lile likiingia mahali ambapo halijaingia miaka yote. Nilikuwa Mchagga, binti wa Mchagga, nimezaliwa kati ya masale, na nikaamini jambo ambalo kila mtoto wa kihambani anajua kwamba halifanyiki. Niliamini kwa sababu ile "usinirudie" ya mwanzo ilikuwa ya kweli. Baba aliitamka mwenyewe, niliisikia kwa masikio yangu. Nikaibeba, nikaigeuza jibu la kila siku, na baba mdogo aliponiletea nyingine inayofanana nayo sikuona ajabu.

Nilitoka mbio. Nyuma ya kanisa dogo la hospitali kulikuwa na mstari wa masale, yamepandwa na wale waliotangulia kuzunguka makaburi ya wamisionari. Nikavunja jani moja, nikalifunga fundo huku nakimbia, nikaingia wodini na matope mpaka magotini. Foibe alikuwa anamvalisha baba lile vazi la kijani la upasuaji. Alikuwa amepungua. Yule mtu aliyesimama kati ya migomba kama nguzo alikuwa amelala pale, mwembamba, mashavu yameingia ndani, na mguu umefungwa ubao.

"Shikamoo, Baba."

Hakujibu. Alinitazama tu. Zamani ningegeuka pale pale nikaondoka. Lakini lile neno la Mzee Ndesario lilikuwa bado la moto kichwani, kwamba kimya si kukataa, nikabaki nimesimama. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Akalichukua. Akalipapasa lile fundo kwa dole gumba, taratibu, kama anayehakikisha ni fundo la kweli.

"Umechelewa," akasema. "Hili ndilo la kwanza."

"Nilituma, Baba. Nilimpa baba mdogo, nilipojifungua mtoto wa kwanza."

"Halikunifikia." Akafumba macho. "Nilikuwa namwambia mama yako, siku akituma jani, hata likiwa limekauka, nitashuka mwenyewe kumfuata. Mama yako amekufa akisubiri jani."

Mwanangu, acha nivute pumzi hapa. Kila nikifika hapa nachoka.

Foibe alikuwa ameligeukia dirisha, analia bila kujificha. Wabeba machela walikuwa mlangoni. Baba akaniuliza kwa haraka, kama mtu anayejua muda si wake, "Una watoto wangapi?"

"Watatu. Wa kwanza ana jina la babu yake upande wa Kalisti. Wa pili anaitwa Elifuraha."

Wewe unajua desturi yetu. Mtoto wa kiume wa pili ni wa babu mzaa mama. Ndugu za Kalisti walinung'unika sana, jina gani hilo la Kilutheri kwenye nyumba ya Wakatoliki, lakini Kalisti alisema desturi ni desturi. Nilimpa mwanangu jina la mtu niliyeamini kwamba amenikataa.

Baba akaliweka jani la sale juu ya uso wake, akaufunika kwalo. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Kutoka chini ya jani nilimsikia akisema neno moja la kwetu, "Aika." Asante. Wakamchukua, na lile jani walimwachia mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, ndipo Foibe akanirudishia.

Nyonga ilipona. Alirudi kihambani akitembea na mkongojo, nasi tukapanda, mimi na Kalisti na watoto, na Elifuraha mdogo akavuna kahawa na Elifuraha mkubwa, mmoja akichuma za chini, mmoja akichuma za juu akiwa ameketi. Msimu mmoja. Kabla ya msimu wa pili moyo wake ulichoka tukamzika karibu na mama, na masale tukapanda mimi na baba mdogo.

Baba mdogo alinieleza yote siku ile ile ya mazishi. Nilikuwa nimeshajua, ila nilimwacha aseme. Alipanda na majani yangu mpaka kwenye mfereji wa maji unaopita juu ya kihamba chetu, akamwona kaka yake kwa mbali, amekunja uso, akipalilia. Akasema moyoni, namjua huyu, atakataa, na akikataa itakuwa aibu isiyofutika kwa ukoo mzima. Akayatupa majani mferejini akageuka. "Niliona nawaficha aibu," akasema, na machozi yanamtoka, mzee yule. Alijibu kwa niaba ya mtu ambaye hakumwuliza. Nilimsamehe, hata jani sikumdai. Lakini kusamehe hakurudishi mama. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalimwagika juu kabisa ya mfereji, yakatiririka miaka mingi mimi nikiwa chini nangoja bila kujua nangoja nini.

Ndiyo maana jana nilikuuliza swali lile ukanuna.

Sasa sikiliza, mwanangu, kabla goti halijaniita ndani. Kompyuta ikikwambia hakuna, usiiamini na usiitukane, na usikimbilie kuzima seva ya watu. Fuata swali lako linakokwenda. Limefika? Limefika kwa nani? Anayejibu ni mwenye nyumba, au ni aliyekaa mlangoni? Nenda ukaitazame diski yenyewe. Ukiona kimya, kiogope kidogo, kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini usikiite jibu.

Na ukitoka kazini, ufanye hivyohivyo. Najua kuna mahali ambapo wewe huendi. Kila mtu anapo. Ulinyimwa ruhusa, ulifukuzwa, ulikatwa jicho, na ilikuwa kweli siku ile. Sikuambii ulidanganywa. Nakuambia majibu ya watu hulala na kuamka, na ile "hakuna" unayoitembeza mfukoni pengine mwenyewe ameshaisahau, au anakaa kwenye mibuni yake akikungoja na hajui njia ya kukuita. Usimtume mtu anayejifanya kujua jibu. Nenda kwa miguu yako, ungali nayo. Ukikataliwa ukiwa umesimama mbele yake, utalia, na kilio hicho kina mwisho. Hiki changu hakijapata.

Nenda, mwanangu, ndizi zangu zinaungua. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akupe magoti ya kupanda mlima mara ya pili na ya tatu. Akuwekee njiani mtu asiyeogopa kukuuliza umemuuliza nani. Na utakapofika, na jani lako mkononi, umkute aliye wako bado yuko hai.